Kila sauti kwenye mstari wake: namna ya kuanza kutengeneza vipindi vya redio kwa kompyuta

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wafanyakazi wetu wa uwanjani mbele ya maprezida wa kamati za wahamiaji, viongozi wa mitaa na vijana wa klabu za wasikilizaji wa redio huko Beni, Kivu ya Kaskazini. Tunayachapa hapa ili wale ambao hawakuwepo nao wayasome, na wale waliokuwepo wayakumbuke watakapokaa mbele ya mashine.

 

Sina haja ya kuwaeleza ninyi maana ya kuhama. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza kuenea katika eneo letu la Beni, jamaa nyingi zimeacha vijiji vyao upande wa Eringeti, Mbau na Mutwanga. Zimeacha kakao inayoiva mashambani, mihogo ardhini, na makaburi ya wazazi wao. Zimefika mjini na kupokelewa na jamaa ambazo nazo hazina vingi. Mwanzoni watu hugawana chakula na mkeka. Miezi ikipita, maneno huanza: nani anajaza mabidoni mengi bombani, nani anakata kuni katika shamba la mwingine, kwa nini msaada unapewa hawa na si wale.

Maneno hayo yana tabia moja ambayo sote tunaijua. Hayafiki kwa mwenyewe yakiwa mazima. Yanakatwa njiani, yanaongezwa chumvi, na yanapofika mtaa wa pili yamekuwa maneno mengine kabisa. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho kinaweza kutusaidia kuyafikisha maneno yakiwa mazima. Lakini chombo hicho hicho, kikishikwa vibaya, kinaweza kuyakata kuliko ulimi wowote. Ni programu ya kompyuta ya kupanga sauti nyingi pamoja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Sisi watu wa Maziwa Makuu tumejifunza kwa uchungu kwamba sauti inayotoka redioni ina nguvu. Katika Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ilichochea watu kuua jirani zao. Mnamo mwezi wa 12 mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu wawili waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na mhariri wa gazeti moja la chuki. Mabaki ya vita ile yalivuka mpaka na kuingia kwetu, na mpaka leo tunayabeba.

Upande wa pili, tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, siku ile ile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa huko Sun City, Afrika ya Kusini, Radio Okapi ilianza kusikika. Nchi ilikuwa imekatwa vipande na majeshi. Mtu wa Kinshasa na mtu wa Goma walianza kusikia habari zile zile, kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo.

Redio ya chuki na redio ya kuunganisha hutumia mashine za namna moja. Kipaza sauti hakijui kusema uongo wala kweli. Tofauti iko kwa mtu aliyekaa mbele yake, na kwa yule anayeamua kipande gani kibaki na kipi kitupwe. Zamani huyo wa kuamua alikuwa mtu mmoja katika studio ya mji mkubwa. Leo kijana yeyote mwenye simu anaweza kurekodi, na mwenye kompyuta anaweza kukata na kuunganisha. Basi ni lazima kijana huyo ajue kazi, na ninyi viongozi mjue anachofanya.

Programu yenyewe

Nitatumia mfano wa programu moja inayojulikana sana, iitwayo Audacity. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, nchini Marekani, kwa kazi ya Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg, na ilitolewa kwa watu wote mwaka 2000. Nimeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kuigawa: mmoja akiwa nayo, anaweza kumpa mwenzake kwa flashi bila kuvunja sheria. Pili, ikiisha kuwekwa katika kompyuta haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Tatu, inaweza kuonyesha maneno yake kwa Kifaransa, na vijana wetu wengi wamesoma kwa Kifaransa. Jambo moja tu: nakala ya kwanza itoke kwenye ukurasa rasmi wa programu hiyo, si kwa mtu msiyemjua, kwa sababu nakala za vichochoroni mara nyingi huja na virusi.

Sasa, sauti nyingi pamoja maana yake ni nini? Fikirini kwaya ya kanisa. Kuna soprano, alto, tenori na besi. Ukiirekodi kwaya nzima kwa simu moja iliyowekwa katikati, unapata sauti moja iliyochanganyika. Kama mwimbaji mmoja wa besi alikohoa, kikohozi hicho hukiondoi tena, maana kimeshikana na wengine. Lakini kama kila sauti ingerekodiwa peke yake na kupewa mstari wake, ungeweza kuishusha besi, kuipandisha alto, na kufuta kikohozi bila kuwagusa wengine. Ukishamaliza, unaichezesha mistari yote kwa pamoja, nayo inasikika kama kwaya moja.

Ndivyo programu hii inavyofanya. Kwenye kioo cha kompyuta utaona mistari imelala, mmoja chini ya mwingine. Ndani ya kila mstari kuna michoro kama vilima. Mtu akisema kwa nguvu, kilima ni kirefu. Akinyamaza, mstari unalala kama maji ya ziwa. Juu kabisa kuna kipimo cha dakika na sekunde. Mbele ya kila mstari kuna kitufe cha kuunyamazisha, kitufe cha kuusikiliza peke yake, na kipimo cha kupandisha au kushusha sauti yake. Mkiijua picha hii, mmeijua nusu ya kazi.

Vitu vya kuwa navyo

Msisubiri mfadhili alete studio. Kompyuta ya mkononi hata ya zamani inatosha. Mnahitaji visikilizio vya masikioni, maana spika ndogo ya kompyuta huficha makosa. Mnahitaji simu inayorekodi vizuri, na umeme wa saa chache, iwe wa paneli ya jua, iwe wa ile nyumba ya kuchajia simu mnayoijua.

Kurekodi vizuri kunazidi kutengeneza vizuri, kwa sababu sauti iliyoharibika haiponi. Shika simu karibu na kinywa cha msemaji, kadiri ya shubiri moja, na kidogo pembeni ili pumzi isiipige. Iweke katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya mazungumzo. Kimbia upepo, jenereta na mvua juu ya bati au turubai. Chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa ni kizuri kuliko darasa tupu lenye mwangwi. Kabla mtu hajaanza kusema, rekodi sekunde kumi za kimya cha mahali pale. Kimya hicho kitawasaidia baadaye, na nitaeleza namna gani.

Siku ya kwanza mbele ya mashine

Ninayoyataja hapa ni ya toleo la 3. Nitataja vitufe vya herufi, kwa sababu havibadiliki hata maneno ya kwenye kioo yakiwa ya lugha nyingine.

Hamisheni rekodi kutoka kwenye simu na kuiweka katika folda moja yenye jina na tarehe. Fungueni programu, kisha vuteni faili hilo kwa kipanya na kuliangusha katikati ya kioo. Litakuwa mstari wa kwanza. Mkiangusha la pili, litakuwa mstari wa pili. Simu nyingi hurekodi kwa aina iitwayo M4A, na katika kompyuta ya Windows programu haiwezi kuifungua mpaka iongezewe programu msaidizi iitwayo FFmpeg. Basi wekeni zote mbili siku moja, mngali na intaneti.

Bonyezeni kitufe kirefu cha nafasi: sauti itaanza. Kibonyezeni tena: itasimama. Herufi R huanza kurekodi, na ukishika Shift pamoja na R, rekodi inaingia katika mstari mpya. Ili kuchagua kipande, buruteni kipanya juu yake mpaka kibadilike rangi. Kitufe cha kufuta kitakiondoa, na sauti ya baadaye itasogea mbele kujaza nafasi. Mkitaka kunyamazisha kikohozi bila kusogeza kitu, shikeni Ctrl pamoja na L. Na kubwa kuliko yote, Ctrl pamoja na Z: inarudisha nyuma tendo lenu la mwisho, na la kabla yake, na la kabla ya hilo. Kwa hiyo mwanafunzi asiogope. Siku ya kwanza akate ovyo, arudishe, akate tena, mpaka mkono uzoee.

Mkumbuke kuhifadhi kwa Ctrl pamoja na S kila baada ya dakika chache, kwa sababu umeme wetu hauagi unapoondoka. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Mnachohifadhi hivyo ni mradi, si kipindi. Mradi ni kama nyumba inayojengwa: mistari yote bado imetengana, na redio haiwezi kuucheza. Kazi ikiisha, ndipo mnatoa kipindi chenyewe, faili moja la WAV au MP3, ambamo mistari yote imeyeyuka kuwa mmoja. Mstari mlioucha ukiwa umenyamazishwa hautaingia. Tena, wenye kompyuta za zamani zenye toleo la 2 wajue kwamba huko mradi ni vitu viwili, faili na folda ya data. Ukibeba faili peke yake kwenye flashi, umebeba mlango na kuiacha nyumba. Toka toleo la 3.0 la mwaka 2021, vyote vimo katika faili moja.

Zoezi: kipindi cha bomba la maji

Tuchukue mfano. Mnataka kipindi cha dakika kumi juu ya ugomvi wa bomba. Mmerekodi mama mwenyeji, mmerekodi baba mhamiaji, na mmerekodi kelele ya bomba lenyewe: maji, mabidoni, watoto. Mstari wa kwanza wekeni msimulizi. Wa pili, mama mwenyeji. Wa tatu, baba mhamiaji. Wa nne, kelele ya bomba. Andikeni jina la kila mstari. Kwa Ctrl pamoja na B mnaweza kubandika alama yenye maneno mahali popote, kwa mfano "hapa anaeleza saa za zamu". Alama hizo zitawaokoa msikilize saa nzima kila mara mkitafuta sentensi moja.

Sikilizeni zote mpaka mwisho kabla ya kukata chochote. Kisha chagueni yale yanayobeba maana, muyasogeze kila mtu kwenye mstari wake, ili msimulizi afungue, mama aseme, baba ajibu. Kelele ya bomba ianze peke yake kwa sekunde tano, halafu ishushwe chini kabisa watu wanapoanza kusema. Msikilizaji atajua yuko wapi bila kuambiwa. Kama kulikuwa na mlio wa jenereta nyuma ya msemaji, chagueni zile sekunde kumi za kimya, muionyeshe programu kwamba hiyo ndiyo kelele, kisha muiambie iipunguze katika mstari wote. Lakini kidogo tu. Ukizidisha, mtu anasikika kama anasemea ndani ya pipa.

Sasa tazameni kioo chote kwa pamoja, bila kusikiliza. Hapa mistari inatufundisha jambo ambalo sikio halikuliona. Huenda vilima vya mama mwenyeji vimejaa toka mwanzo mpaka mwisho, na baba mhamiaji ana vilima viwili vifupi tu. Huenda sauti ya mmoja ni kubwa na ya mwenzake ni hafifu, kama mtu anayeomba ruhusa. Huenda chini ya maneno ya mmoja kuna muziki wa huzuni, na chini ya mwenzake hakuna kitu. Hakuna aliyesema uongo, lakini kipindi kimeshachagua upande. Sawazisheni nguvu za sauti. Angalieni dakika. Muziki, kama upo, usimlilie mmoja na kumwacha mwingine.

Silabi moja

Ndugu wapendwa, nimefika mahali ambapo ndipo hasa nilitaka tufike pamoja.

Mzee wa mtaa amesema mbele ya simu yenu: "Hatutawafukuza wahamiaji kwenye bomba." Ni neno la amani. Lakini katika Kiswahili chetu, kukataa kote kumebebwa na silabi ya kwanza. Chukua kipanya, ifunike hiyo "ha", bonyeza kufuta. Kinachobaki ni: "Tutawafukuza wahamiaji kwenye bomba." Sauti ni ile ile ya mzee. Pumzi ni ile ile. Hakuna pengo wala mruko. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na kufikia jioni iko kwenye simu za mji mzima. Nani atamwamini mzee akisema hakusema hivyo, wakati watu wameisikia sauti yake kwa masikio yao?

Kuna na njia nyingine isiyokata kitu. Mwandishi aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Mnakubali wahamiaji wachote maji asubuhi?" Jibu: "Ndiyo, tumekubaliana." La pili: "Mnakubali walipe zaidi?" Jibu: "Hapana." Maswali yako kwenye mstari mmoja, majibu kwenye mwingine. Sukuma mstari mmoja kidogo, na ile "ndiyo" imeangukia swali la pesa. Maneno yote ni ya kweli, na kipindi kizima ni uongo.

Ninawaambia haya ili mjue kusikiliza na kujilinda, si ili mtu akayajaribu. Rekodi ikifika kwenye simu yako na inachoma moyo, uliza: maneno haya yalisemwa wapi, lini, mbele ya nani? Kabla yake alisema nini, na baada yake? Rekodi nzima iko kwa nani? Kama hakuna anayejua, usiitume kwa mwingine, hata kama sauti unaijua. Tumwendee mwenyewe kwanza.

Sheria tunazopendekeza kwa kila timu

Moja. Mnakata ili kufupisha, hamkati ili kubadilisha. Mnaruhusiwa kuondoa kikohozi, maneno yaliyorudiwa, na habari iliyo nje ya mada. Hamruhusiwi kuondoa "lakini", "labda", "zamani", wala alama yoyote ya kukataa. Jibu libaki chini ya swali lake.

Mbili. Rekodi ya kwanza haiguswi. Fanyeni nakala, mfanye kazi juu ya nakala, na ile ya kwanza ikae kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na pande zote mbili. Siku mtu akisema "sikusema hivyo", mtakuwa na pa kurudi.

Tatu. Anayesema anajua. Kabla ya kurekodi, mwelezeni sauti yake itakwenda wapi na itasikiwa na nani. Kipindi kikiwa tayari, mwiteni aisikilize sehemu yake. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Nne. Meza ya kompyuta isiwe na mtu mmoja. Akae mhamiaji mmoja na mwenyeji mmoja, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zaidi ya hayo, macho mawili ya pande mbili yanazuia mkono kuteleza. Wenzetu wa klabu mnajua kwamba kukaa pamoja kupanga sauti ya jirani yako kunakulazimisha kumsikia mara kumi, na hilo peke yake ni shule ya amani.

Kuwalinda waliosema

Jambo hili ni zito, na ninaomba viongozi mlishike. Kuna watu waliokimbia wakijua majina ya waliowashambulia. Kuna mama waliotendewa mabaya ambayo jamaa zao hazijayajua. Sauti yao ikitambulika, inaweza kuwaua.

Vijana wengine husema: tutaibadilisha sauti, tuifanye nzito au nyembamba. Programu inaweza kufanya hivyo, lakini si ulinzi. Mwenye programu kama hiyo anaweza kuirudisha karibu na ilivyokuwa. Hata bila hiyo, namna ya kusema, lafudhi, jina la mto, idadi ya watoto, kengele ya kanisa inayosikika nyuma, vyote vinamtaja mtu. Kelele ya nyuma mnayoipenda kwenye mstari wa nne inaweza kuwa ndiyo inayoonyesha nyumba. Kama habari ni ya hatari, msirekodi sauti yake kabisa. Sikilizeni, mwandike yale aliyoyaruhusu, bila jina wala mahali, na msimulizi ayasome kwa sauti yake.

Mjue pia kwamba mradi hausahau upesi. Katika matoleo ya karibuni, toka la 3.1, ukivuta ukingo wa kipande ili kuficha neno, neno hilo linabaki limefichwa ndani. Atakayepewa mradi huo anaweza kuvuta ukingo huo huo na kulisikia jina mliloliondoa. Kwa hiyo mradi hautoki nje ya timu. Kinachokwenda redioni au kwenye simu ni lile faili la mwisho tu. Na kompyuta mliyoazimwa katika nyumba ya kufotokopia, msiiache na rekodi za watu ndani yake.

Uzito wa faili na safari yake

Mwisho, neno fupi la hesabu, kwa sababu intaneti yetu ni ya kununua kwa kipimo. WAV ya kawaida yenye pande mbili, kushoto na kulia, inakula karibu megabaiti 10 kwa kila dakika. Sauti ya mtu anayesema haihitaji pande mbili: upande mmoja unatosha, na uzito unakuwa nusu. Mkitoa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika kumi zitakuwa karibu megabaiti 5. Hiyo inapita kwenye simu na inasikika vizuri kwa maneno. Redio nayo ipelekeeni WAV kwa flashi, kwa mototaksi mnayemwamini. Lakini wakati wa kazi achieni nafasi kubwa kwenye kompyuta, maana ndani ya programu mstari mmoja wa saa moja unakaribia megabaiti 650. Kompyuta iliyojaa ikikwama katikati ya kazi, mtapoteza siku.

Tunapoachana

Wazee walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sisi nyasi hatuna bunduki, wala hatukai kwenye meza ambako vita vinaamuliwa. Lakini ugomvi wa bombani ni wetu. Ugomvi wa kuni na wa nyumba ya kupanga ni wetu. Huo tunaweza kuuzima au kuuwasha, na mara nyingi kinachouwasha ni neno lililokatwa.

Basi ninaomba kila kamati ichague vijana wawili, mmoja wa wahamiaji na mmoja wa wenyeji, waje na simu na visikilizio. Waanze na kipindi cha dakika tatu tu, juu ya jambo dogo lisilo na hatari: zamu za kufagia soko, au namna ya kupika sombe kwa mafuta machache. Walete kabla ya kutangazwa, tuisikilize pamoja, wenyeji na wahamiaji katika chumba kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Wakishajua kuheshimu sauti ya mama anayepika sombe, watajua kuiheshimu sauti ya mzee anayesema "hatutawafukuza", na ile "ha" itafika nzima mpaka kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa.